Sakafu ya lamineti iliyoinuka: kutafuta chanzo na kuirekebisha hatua kwa hatua

Sakafu ya lamineti ikiinuka katikati ya chumba, wengi huanza kuhangaika na uvimbe wenyewe. Wanauwekea kabati zito juu, wanatoboa tundu na kumimina gundi, wengine wanapigilia msumari. Sakafu nyingi ambazo zingeokoka huharibikia hapo. Uvimbe unaonekana katikati, lakini kosa mara nyingi liko ukutani chini ya skatingi (ule ukanda wa ubao unaozunguka chini ya ukuta), au mlangoni, au chini ya mbao kwenye zege ambalo halikukauka. Mkeka ukisukumwa kutoka pande mbili huinuka katikati ingawa katikati hapakuguswa na mtu, na sakafu hii hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo kazi kubwa ya ukarabati ni upelelezi. Kukata na kubadilisha mbao ni sehemu ndogo inayofuata baada ya kujua kilichotokea.

Kwa nini mbao hizi zinatembea

Ubao wa lamineti una tabaka nne. Juu kabisa kuna ganda gumu la melamini lenye chembe za oksidi ya alumini, ndilo linalozuia mikwaruzo. Chini yake kuna karatasi iliyochapwa picha ya mbao. Kisha kinafuata kiini, ambacho ndicho karibu unene wote wa ubao: nyuzi za mbao zilizosagwa, zikachanganywa na gundi, zikashindiliwa kwa joto. Chini kabisa kuna karatasi nyingine inayosawazisha nguvu ili ubao usijipinde. Ganda la juu halipitishi maji kirahisi, na hilo huwafanya watu waamini kwamba ubao mzima hauogopi maji. Kingo ziko wazi. Maji hayapiti juu, yanapita kwenye viungo.

Kiini hunyonya hata unyevu wa hewa. Hewa ikiwa na unyevunyevu ubao unatanuka, ikikauka unasinyaa. Mwendo wa ubao mmoja hauonekani kwa macho, lakini mbao zimefungana, hivyo chumba cha mita tano kinatembea kama kipande kimoja na mwendo wote unaishia ukutani. Ndiyo sababu sakafu hii kwa kawaida haigandishwi wala haipigiliwi misumari. Inalazwa juu ya foamu, inaachwa ielee, na pande zote huachwa nafasi kati ya ubao na ukuta. Watengenezaji wengi hutaka nafasi ya milimita 8 hadi 12. Mafundi wengi hukadiria milimita 1.5 kwa kila mita ya upana wa chumba kila upande, ila kipimo kisishuke chini ya 8. Nafasi hiyo ikikosekana mahali pamoja tu, msukumo unageukia juu.

Jambo moja la kujua kabla ya kuanza kubomoa: lamineti ya sakafuni ilianzia Sweden kwenye kampuni ya Perstorp mwishoni mwa miaka ya 1970, na kwa muda mrefu mbao zake ziliunganishwa kwa gundi. Zile za kubana zenyewe bila gundi zilienea kuanzia miaka ya 1990. Kama sakafu yako ni ya zamani na viungo vimegandishwa, hutaweza kuzifungua mbao na kuzirudisha. Utakata, na hesabu ya kazi itabadilika.

Soma umbo la uvimbe kwanza

Usiguse kifaa chochote kabla hujapiga magoti na kuitazama sakafu kwa upande, ukiwa na taa au mwanga wa dirisha unaokuja kwa ulalo. Uvimbe una maumbo kadhaa na kila umbo linasema lake.

Kituta kirefu kinachokwenda sambamba na viungo, mbao mbili zimesimama kama paa dogo, na ukikanyaga taratibu kinashuka kisha kinarudi: chini kuna hewa. Hiyo ni sakafu iliyobanwa, haina pa kutanukia. Ukigonga kwa kucha utasikia mlio mtupu, tofauti na mlio mfupi wa sehemu iliyolala vizuri. Hii ndiyo hali inayotokea sana, na kwa bahati njema ndiyo rahisi kuponya, kwa sababu mbao zenyewe huwa nzima.

Kingo zilizonenepa kwenye viungo, ukipitisha kucha unahisi mwinuko mdogo kila ubao unapokutana na mwenzake, na ukikanyaga hakuna kinachoshuka: hiyo ni kiini kilichofura kwa maji. Mara nyingi maji yametoka juu, ama yalimwagika, ama sakafu inapigwa deki kwa kitambaa kinachochuruzika. Tazama kwa karibu ukingo ulioharibika zaidi. Karatasi ya picha hupasuka kwenye mstari wa kiungo, na ndani unaona unga wa kahawia unaomeguka ukiuchokoa kwa ncha ya kisu. Hapo hakuna dawa. Nyuzi zilizofura hazirudi kwenye unene wake hata zikikauka mwaka mzima, hivyo ubao huo ni wa kubadilishwa.

Mbao nyingi zimebonyea katikati na kingo zao za pande mbili ziko juu, karibu chumba kizima: upande wa chini una unyevu kuliko wa juu. Mtuhumiwa ni zege, au bomba linalovuja ndani ya sakafu, na hapa usifikirie kukata ukingo kabla hujamaliza habari ya unyevu.

Ncha moja tu imeinuka, inalia unapopita, na imeanza hapo hapo tangu siku za mwanzo: kiungo kimevunjika au chini yake hapako sawa. Na mbao zilizoinuka kwenye ukanda unaopigwa jua kali la dirishani kila siku husababishwa na joto linalokausha upande mmoja. Weka pazia, halafu fuata hatua za nafasi ya pembeni.

Uliza pia tatizo lilianza lini. Sakafu inayoinuka msimu wa unyevunyevu na kutulia hewa inapokauka imebanwa. Inayozidi kuharibika bila kujali hali ya hewa ina maji yanayoendelea kuingia. Swali hili peke yake limewaokoa wengi wasibomoe chumba bure.

Kukagua ukingo wote

Hatua hii haina njia ya mkato. Ondoa skatingi chumba kizima, hata upande ule ambao unaamini hauna shida, maana mbao zimefungana na upande mmoja unaweza kuusukuma mwingine.

Pitisha kisu cha wembe kwenye mstari wa juu wa skatingi ili rangi au silikoni ising'oke na lipu. Ingiza patasi bapa au skrepa nyuma yake, weka kipande cha ubao kati ya patasi na ukuta, na ung'oe kidogo kidogo kila unapofika kwenye msumari. Andika namba nyuma ya kila kipande na ukutani nyuma yake kwa penseli. Unaporudisha utashukuru.

Sasa pima nafasi. Huhitaji kifaa maalumu: biti ya drili ya milimita 8 inatosha. Ipitishe kati ya ubao na ukuta kuzunguka chumba chote. Inapogoma, weka alama kwa tepu ya karatasi. Usitegemee macho, kwa sababu ukuta hauko wima kila mahali. Juu panaweza kuonekana nafasi na chini lipu iliyotokeza ikawa inagusa ubao.

Haya ndiyo maeneo ambayo fundi aliyeharakisha huyasahau, na ndiyo huwa chanzo:

Miimo ya mlango. Ubao umekatwa ukaishia kwenye mwimo wenyewe badala ya kupita chini yake. Sentimita mbili tu za mbao zinazogusa mwimo zinatosha kuinua ukumbi mzima.

Mabomba, nguzo, na miguu ya ngazi. Tundu la bomba linapaswa kuwa pana kuliko bomba kwa nafasi ile ile inayoachwa ukutani.

Vitu vilivyoachwa ndani ya nafasi: kabari za plastiki zilizotumika siku ya kufunga zikasahaulika, matone ya saruji, povu la kuziba, silikoni iliyojazwa hadi ikakauka ngumu.

Vitu vilivyoipigilia sakafu chini: skatingi yenye misumari iliyoingia kwenye ubao badala ya ukutani, kizuizi cha mlango kilichofungwa kwa skrubu, mkanda wa mlangoni uliopigiliwa kupitia lamineti hadi kwenye zege.

Makabati ya jikoni yaliyofungwa juu ya lamineti. Hili linahitaji maneno zaidi. Kabati za jikoni zikiwa na vyombo na jiwe la kaunta juu yake ni mzigo usiosogea. Sakafu ikishikwa huko na upande wa pili ikashikwa na kabati la nguo la ukuta mzima, haina pa kwenda hata kama nafasi ya ukutani ni kamili. Suluhisho ni kukata sakafu kwenye mstari wa mbele ya kabati, uiache sehemu ya chini ya kabati ibaki peke yake, na mstari wa kukata ufunikwe na ubao wa miguu ya kabati. Fanicha za kawaida zinazosogezeka hazina shida.

Ukarabati wa kwanza: kuipa sakafu nafasi

Ukishapata mahali inapogusa, kazi yenyewe ni hii.

1. Hamisha fanicha zote nzito. Vaa miwani na barakoa, kwa kuwa vumbi la kiini ni jepesi, linakaa hewani, na lina gundi ndani yake.

2. Piga mstari kwa rula ndefu, milimita 10 kutoka ukutani. Kama ukuta umepinda, fuata ukuta. Hakikisha unene wa skatingi utafunika nafasi hiyo. Skatingi ya milimita 15 inafunika nafasi ya 10 au 12 bila wasiwasi. Ikiwa yako ni nyembamba, nunua nene zaidi. Usiipunguze nafasi ili ilingane na skatingi.

3. Ingiza kipande chembamba cha bati au skrepa pana chini ya ubao mahali unapokata. Watu wengi huruka hatua hii na baadaye wanaijutia, kwa sababu chini ya foamu huwa kuna nailoni ya kuzuia unyevu wa zege. Ukiipasua pembeni, umefungua mlango mpya wa maji.

4. Kata. Kifaa kizuri zaidi ni ile mashine ndogo ya umeme ambayo wembe wake hutikisika badala ya kuzunguka, kwa sababu inafika hadi ukutani kabisa. Msumeno wa duara unakata haraka lakini hauwezi kuukaribia ukuta, hivyo unafaa pale tu ambapo utatoa ukanda mpana. Grinda inaunguza kingo na kurusha vumbi jingi, iache iwe chaguo la mwisho. Kwenye kona malizia kwa patasi kali na nyundo.

5. Chini ya mwimo wa mlango, usikate ubao kwa kuuzunguka mwimo. Kata mwimo wenyewe. Laza kipande cha lamineti juu ya kipande cha foamu kama kipimo, laza msumeno juu yake, kata mwimo chini ili ubao uteleze ndani na ubakiwe na nafasi huko gizani.

6. Safisha nafasi yote kwa mashine ya kufyonza vumbi au brashi nyembamba. Chembe za mawe na lipu zilizobaki zinakuwa kabari.

7. Subiri. Mara nyingine sakafu hushuka pale pale unapomaliza kukata, unaisikia ikilia na kulala. Mara nyingine huchukua siku moja hadi tatu. Unaweza kuisaidia kwa kulaza ubao mpana juu ya kituta na kuweka uzito juu yake, ndoo za maji zilizofunikwa vizuri au vitabu, lakini uzito huo ukae katikati tu, kingo ziwe huru kusogea.

Kama baada ya siku tatu haijashuka, bado kuna kitu kinaishika. Usiongeze uzito. Rudi na biti yako ya drili uzunguke tena, na safari hii anza na mlango.

Inatokea pia kwamba upande mmoja una nafasi ya milimita 20 na wa pili hauna kitu: sakafu nzima imesogea. Hapo kukata si lazima. Weka chuma cha kuvutia (bapa lenye ncha iliyokunjwa inayonasa ukingo wa ubao) kwenye ukingo wa ubao wa mwisho upande wenye nafasi ndogo, ugonge taratibu kuisogeza kuelekea upande wenye nafasi kubwa, kisha weka kabari za muda hadi utakapofunga skatingi. Zitoe kabari hizo zote.

Vyumba virefu na vinavyoungana

Watengenezaji wengi huweka ukomo wa mita 8 hadi 10 kwa sakafu isiyokatizwa, na wengi wao hutaka pia sakafu ikatizwe kila mlango. Sakafu iliyotandazwa sebuleni ikapita ukumbini ikaingia vyumba viwili bila kukatizwa itainuka siku moja hata kama kila ukuta una nafasi, kwa kuwa kila chumba kinavuta upande wake na mlango mwembamba ndio unaopokea yote. Kata mstari katikati ya unene wa mlango uliofungwa, upana wa sentimita mbili hivi, funga reli kwenye zege ndani ya mfereji huo, na uvalishe mkanda wa umbo la T juu yake. Skrubu za reli zipite kwenye zege tu, zisiguse ubao wa upande wowote. Kabla ya kutoboa zege hakikisha hakuna bomba au waya chini.

Najua mkanda mlangoni hauwapendezi wengi. Sakafu iliyolala inapendeza zaidi.

Unyevu: hapa usiwe na haraka

Maji ya juu ni rahisi kuyatafuta. Angalia viungo vya mashine ya kufulia, ya kuoshea vyombo, bomba la friji, mrija wa maji ya kiyoyozi, chini ya sinki, kwenye shina la choo, na kona za dirisha. Zungushia kila kiungo cha bomba tishu kavu, rudi baada ya saa moja. Tishu huonyesha tone ambalo kidole hakihisi. Kwa mabomba yaliyofichwa, funga koki zote za nyumba na usome mita ya maji, kisha isome tena baada ya saa mbili bila mtu kutumia maji. Ikisogea, kuna uvujaji. Hakuna ukarabati wa sakafu utakaodumu hadi uvujaji huo uzibwe.

Kama maji yamemwagika leo, kasi ndiyo kila kitu. Ng'oa skatingi ya upande huo, fungua mbao hadi ufike penye maji, toa foamu iliyolowa, pangusa nailoni. Mbao zilizolowa kidogo zilaze bapa kwenye kivuli chenye hewa, ukiweka vijiti kati yake ili hewa ipite, na uzito juu. Zitakazokauka bila kufura kingo zinarudi. Maji yaliyofungiwa chini ya nailoni na foamu hayakauki kwa kufungua madirisha, hata feni ikizunguka juu yake wiki nzima, na ukungu huanza ndani ya siku chache.

Maji ya chini ni mjadala mwingine. Zege jipya hukauka polepole kuliko watu wanavyotaka kuamini. Kadirio la zamani la mafundi ni milimita moja kwa siku kwa milimita 50 za kwanza, katika hali nzuri ya hewa, na kila kinachozidi hapo huchukua muda mrefu zaidi. Maana yake zege la sentimita tano linataka karibu wiki saba, na la sentimita kumi linataka miezi. Zege linaloonekana jeupe na kavu juu bado linaweza kuwa limebeba maji ndani.

Jaribio la nyumbani: fungua mbao sehemu moja, safisha zege, bandika kipande cha nailoni ngavu cha nusu mita kwa nusu mita, uzibe kingo zote nne kwa tepu nzito. Acha saa 24 hadi 48. Ukikuta matone chini ya nailoni, au zege limebadilika rangi likawa jeusi zaidi kuliko jirani yake, kuna unyevu unaopanda. Ila jaribio hili likionyesha pakavu halikupi uhakika, linaongelea uso wa zege tu. Uhakika unatoka kwa kipimo cha fundi: kwa zege la saruji, viwango vinavyotumika sana ni asilimia 75 ya unyevu linganifu (unyevu wa hewa iliyofungiwa na zege) kwa kipimo kinachofungiwa juu au ndani ya zege, au asilimia 2 kwa kipimo cha kabidi, ambapo kipande cha zege husagwa na kuchanganywa na kabidi ili kupima maji yake (1.8 kama kuna mfumo wa kupasha joto sakafuni). Kikizidi hapo, subiri, au tafuta chanzo kama ni zege la siku nyingi.

Kabla ya kurudisha mbao juu ya zege, tandaza nailoni ya unene wa milimita 0.2 bila tundu. Vipande vipandane kwa sentimita 20, maungio yazibwe kwa tepu, na kingo zipande ukutani sentimita chache zitakazofichwa na skatingi. Juu yake foamu, ukingo kwa ukingo bila kupandana. Foamu nyingine huja tayari na tabaka la kuzuia unyevu, hapo usirudie. Na kama chini kuna sakafu ya mbao badala ya zege, usiweke nailoni, itafungia unyevu ndani ya mbao zile za zamani na kuziozesha.

Kubadilisha ubao ulioharibika

Kuna njia mbili, na ninapendelea ya kwanza kila inapowezekana, hata kama inachukua nusu siku zaidi.

Njia ya kwanza ni kufungua safu kutoka ukuta ulio karibu. Bandika tepu yenye namba kwenye kila ubao kabla ya kuutoa. Inua safu nzima kwa pembe ya digrii 20 hadi 30 ndipo ulimi (ukingo uliotokeza wa ubao mmoja) utoke kwenye mfereji (mwanya wa ubao jirani unaoupokea). Zile zenye kufuli ya plastiki kwenye ncha fupi, safu ikishatoka, huzitenganishi ncha hizo kwa kuinua, unaziteleza pembeni. Usilazimishe, kwa sababu ulimi ukimeguka hata sentimita tano kiungo hicho kitacheza daima. Badilisha ulioharibika, safisha mifereji kwa brashi ya meno, rudisha zote kwa mpangilio ule ule, ukigonga kwa kibao cha kugongea. Nyundo isiguse ubao moja kwa moja.

Njia ya pili ni ya ubao ulio katikati ya chumba kikubwa:

1. Chora mstatili ndani ya ubao, sentimita 3 hadi 4 kutoka kila ukingo, na uchore mistari ya ulalo kutoka kona za mstatili hadi kona za ubao.

2. Toboa tundu la milimita 10 kwenye kila kona ya mstatili. Matundu haya yanazuia msumeno usipitilize kwenye ubao jirani.

3. Weka msumeno wa duara kwenye kina cha unene wa ubao tu. Ubao wa milimita 8, kina 8. Kata mstatili, toa kipande cha katikati, kisha kata mistari ya ulalo.

4. Vipande vya pembeni vivute kwa koleo kuelekea ndani, polepole, ili ndimi na mifereji ya majirani ibaki nzima. Fyonza vumbi lote. Kama foamu au nailoni imepasuka, ibandike tepu sasa.

5. Kwenye ubao mpya, kata mdomo wa chini wa mfereji, upande mrefu na upande mfupi, kwa kisu kikali au patasi. Ulimi uache. Jaribu bila gundi kwanza: ingiza ulimi kwa pembe, kisha ushushe upande uliokatwa. Ukikaa vizuri, utoe.

6. Paka gundi ya mbao isiyoogopa unyevu, ya daraja la D3, mstari mwembamba kwenye kingo tu. Isidondoke kwenye foamu, kwa sababu itaugandisha ubao chini. Ingiza, shusha, futa gundi iliyotokeza kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, bandika tepu ya karatasi juu ya viungo, weka uzito bapa kwa saa 24.

Mbao mpya, kwa njia yoyote, zikae ndani ya chumba hicho hicho saa 48 kabla ya kufungwa, paketi zikiwa zimelazwa bapa na hazijafunguliwa. Ukizifunga zikiwa zimetoka stoo yenye unyevu au gari lenye joto, zitabadilika ukubwa zikiwa tayari zimefungana.

Pasipo sawa chini

Pale mbao zinapobonyea na kulia, fungua na upime kwa rula ya mita 2. Tofauti isizidi milimita 3. Vilima vya zege visagwe, mabonde yajazwe saruji ya kujisawazisha na kuachwa yakauke kama paketi inavyoelekeza. Usijaze bonde kwa kuongeza foamu ya pili. Foamu nene inafanya kila hatua ikunje kiungo kidogo, na kiungo kinachokunjwa kila siku kinakatika. Milimita 2 hadi 3 za foamu ngumu zinatosha kwa nyumba.

Wakati wa kuacha kukarabati

Nikikuta robo ya mbao za chumba zina kingo zilizofura, sishauri kubadilisha ubao mmoja mmoja. Zilizobaki huwa zimeshapokea unyevu huo huo, na toleo jipya ni nadra kulingana rangi na la zamani. Maji ya choo au ya mafuriko yakiingia chini, toa kila kitu bila kujadili, pamoja na foamu. Ukungu ukienea chini ya chumba kizima, vivyo hivyo.

Kurudisha chumba

Skatingi irudi ikiwa imefungwa ukutani, misumari ikielekea juu kidogo au gundi ikiwa ukutani tu, na chini yake iachwe nafasi ya unene wa karatasi ngumu ili isiikandamize sakafu. Penye bafu au jikoni panapohitaji kuzibwa, tumia kamba ya povu laini ndani ya nafasi, na silikoni nyembamba juu yake inayovutika.

Deki kwa kitambaa kilichokamuliwa hadi hakidondoshi. Mashine za mvuke zisipite hapo kabisa, mvuke unaingia kwenye viungo kwa shinikizo na ubao hauna namna ya kuukataa. Unyevu wa hewa ndani ya nyumba ukikaa kati ya asilimia 35 na 65, sakafu inapumua ndani ya nafasi uliyoiachia. Kipimo kidogo cha ukutani kinatosha kukujulisha.

Mbao mbili tatu zilizobaki zifunge pamoja na kipande cha paketi chenye jina la toleo, uzilaze bapa juu ya kabati la chumba hicho hicho, zizoee hewa yake.